Sifa Anazo, Nafasi Je? Kisa cha binti wa Divisheni I aliyetaka uhandisi wa umeme

Binti wa kisa hiki alimaliza kidato cha sita kwa Divisheni I, akaomba uhandisi wa umeme katika chuo kikubwa cha umma, na majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, lake halikuwemo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiishauri familia. Baadhi ya makadirio niliyowapa yalikaa sawa, moja lilikosea vibaya, na jambo moja sikulikadiria kabisa. Nimeondoa majina, shule, mwaka na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu. Vyuo alivyoomba nimeviita A, B na C. Binti na baba yake wameridhia niandike.

Usuli

Nilifundisha Hisabati sekondari kwa miaka mingi. Siku hizi, kila Julai, majirani na ndugu wa majirani huniletea matokeo ya watoto wao kama watu wanavyopeleka redio kwa fundi: liangalie hili, litapona? Nina daftari la mistari ninaloandika programu, masomo yanayotakiwa, idadi ya nafasi, na mwishoni kadirio langu kwa kipimo cha kumi.

Familia inaishi upande wa Temeke. Baba ni fundi umeme wa majumbani mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kazi zake za kuitwa: leo ipo, kesho hakuna. Mama mzazi alikuwa mkoani akimuuguza bibi, kwa hiyo mambo ya shule yalishikwa na mama mdogo. Binti ni mtoto wa kwanza. Tangu darasa la sita alikuwa akipanda darini na baba yake, yeye ameshika tochi na testa, baba anavuta waya. Alipofaulu kidato cha nne akapangiwa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, katika shule ya bweni ya serikali mkoani.

Siku matokeo yanatoka, yeye hakuwa nyumbani. Alikuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria, kama wahitimu wengi wa kidato cha sita tangu utaratibu huo urudishwe mwaka 2013. Simu kambini ni ya kubahatisha. Maana yake uamuzi mkubwa kuhusu maisha yake ulianza kufanywa na watu wengine, mimi nikiwemo.

Mama mdogo ndiye aliyenipigia.

"Mwalimu, mtoto kapata One!"

"Hongereni sana. One ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Na Hesabu?"

Kimya kidogo. "Hesabu ana D. Lakini One si One tu, Mwalimu?"

Pointi tisa mbili zisizo ndugu

Alama zake zilikuwa hizi: Fizikia C, Kemia B, Hisabati ya Juu, ile wanafunzi wanayoiita Advansi, D. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, na Divisheni I ni pointi 3 hadi 9. Kwa hiyo 3 na 2 na 4 ni 9, One ya mwisho kabisa, lakini One.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hugeuza meza. Kwao A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kwa Baraza unataka pointi chache, kwa TCU unataka nyingi. Ajabu ya alama za Binti ni kwamba hata huku jumla yake ni 9. Si muujiza: kuanzia A hadi E, pointi za Baraza na za TCU kwa alama moja hujumlishwa kuwa 6, kwa hiyo masomo matatu ni 18, na aliye na 9 huku atakuwa na 9 kule. Nilikuwa nikiwapa wanafunzi wangu hilo kama fumbo la Ijumaa mchana. Kwa baba yake halikuwa fumbo, lilikuwa mtego. Alisikia "pointi tisa" redioni mwa jirani, akasikia "pointi tisa" steshenari, akaona kwenye mwongozo wa TCU kwamba chuo kinataka angalau pointi 4. Akajiambia mtoto kapita kwa zaidi ya mara mbili.

Mwongozo hausemi hivyo. Sifa ya jumla ya kuingia digrii kwa njia ya kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani E kwenda juu, zenye jumla ya pointi 4 katika *masomo mawili yanayotambulisha programu husika*. Kwenye umeme wa Chuo A, masomo hayo yalikuwa Hisabati ya Juu na Fizikia. Kemia yake nzuri, ile B, kwa mlango huo haikuwa na mdomo. Pointi zake za kweli zilikuwa 2 na 3: tano kati ya kumi. Sifa anazo, kapita kwa pointi moja. Lakini sifa hukuingiza kwenye foleni, na foleni ya umeme katika chuo cha namna ile ina watoto wenye nane na tisa na kumi.

Yaliyotokea kabla sijaitwa

Asubuhi ya pili baada ya matokeo, Baba alikwenda steshenari ya mtaani. Kijana wa pale alimfungulia Binti akaunti ya maombi ya Chuo A kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu, maana Baba hana barua pepe na Binti hapatikani. Akamtolea kumbukumbu namba, ada ya maombi ikalipwa kwa simu. Kisha wakajaza machaguo matatu: umeme, uhandisi wa mawasiliano, uhandisi wa kompyuta. Yote Chuo A. Yote matatu yanataka Hisabati na Fizikia, na yote matatu ni yale yanayokimbiliwa na kila mwenye matokeo makali. Kwa maneno mengine, Baba alinunua tiketi tatu za bahati nasibu moja.

Nilimuuliza kwa nini chuo kimoja. Akanipa sababu mbili. Ya kwanza ilitoka kwa shemeji yake aliyesoma enzi za mfumo wa pamoja: "TCU wenyewe ndio wanapanga, ukiomba kwingi unawachanganya." Shemeji hakudanganya, alichelewa tu. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipita kwenye mfumo mmoja wa TCU uliokuwa ukimpangia kila mwombaji nafasi moja. Tangu udahili wa 2017/2018 mwombaji anaomba chuo moja kwa moja, na kila chuo kinachagua watu wake bila kusubiri jirani. Mtu mmoja anaweza kuchaguliwa vyuo vitatu, kisha akathibitisha kimoja.

Sababu ya pili ilikuwa mtoto wa jirani. "Mwalimu, yule alipata Two, na yuko chuo hichohicho, umeme huohuo. Wa kwangu ana One." Nilimjua yule kijana. Alipata Hisabati A, Fizikia C, Kemia S. Kwa Baraza ni 1 na 3 na 6, pointi 10, Divisheni II. Kwa mlango wa umeme ni 5 na 3, pointi nane. Niliandika majina mawili kwenye karatasi, kila mmoja na masomo yake mawili, nikafunika Kemia kwa kidole. Baba aliitazama ile karatasi muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Kumbe hawasomi cheti chote." Fundi huyo alinielewa haraka kuliko wazazi wengi wenye digrii niliowahi kukaa nao.

Kulikuwa na jambo la tatu alilolificha siku ile. Mtu mmoja wa Kariakoo alimwambia kwa shilingi laki tatu "jina litasukumwa." Mama mdogo ndiye aliyeropoka. Nilimweleza Baba kwamba chuo kikishachagua hupeleka orodha TCU ikahakikiwe sifa za kila jina, na kwamba watu wa aina ile hukusanya fedha kwa watu kumi, watatu wakiingia kwa alama zao wenyewe yeye hujisifu, saba hawezi kuwaonyesha uso. Hakulipa. Au aliniambia hakulipa.

Kupanga mafungu

Zilibaki siku chache dirisha la awamu ya kwanza lifungwe. Nilimwomba mama mdogo twende Mnazi Mmoja, ambako karibu kila Julai vyuo hukusanyika kwenye maonesho ya elimu ya juu ya TCU. Wengi huenda kuchukua vipeperushi na kalamu za bure. Sisi tulikwenda na maswali mawili tu kwa kila banda la uhandisi: mwaka jana programu hii ilikuwa na nafasi ngapi, na wa mwisho kuingia awamu ya kwanza alikuwa na pointi ngapi kwenye masomo yake mawili?

Swali la kwanza lina jibu kwenye mwongozo wenyewe, safu ya idadi ya nafasi, ingawa sijawahi kukutana na mzazi aliyeisoma. La pili ndilo la kutafuta. Banda la Chuo A, dada aliyekuwa pale alitabasamu na kutuambia "ushindani ni mkubwa, mama." Hilo nalo ni jibu. Banda la Chuo B, chuo cha umma nje ya Dar, safari ya basi ya siku nzima, mzee mmoja alifungua kijitabu chake akasema umeme walishuka hadi pointi 5 awamu ya kwanza, na bado wakabakiza viti. Chuo C, cha hapahapa Dar, walisema uhandisi wa mazingira kwao haujawahi kujaa awamu ya kwanza, watu wanautazama kama wa takataka.

Jioni hiyo nilipanga mafungu kama wanavyopanga samaki sokoni Feri. Umeme wa Chuo A nikaupa moja kati ya kumi. Chuo A hichohicho kilikuwa na uhandisi wa kemikali, masomo yake ya kutambulisha yakiwa Kemia na Hisabati. Hapo B yake inapata mdomo: 4 na 2 ni sita. Nikaupa sita kati ya kumi, na nilijiona mjanja. Umeme wa Chuo B nikaupa saba. Mazingira ya Chuo C, nane.

Fungu la tano lilikuwa la akiba: stashahada ya umeme katika chuo cha ufundi. Hiyo ni njia ya heshima kuliko inavyosemwa vijiweni. Mhitimu wa kidato cha sita anaweza kuingia stashahada chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na akimaliza na wastani wa GPA 3.0 au zaidi, mlango wa digrii ya uhandisi unafunguka kwa sifa linganifu. DIT, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, pale katikati ya jiji, ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, na mafundi sanifu wake walikuwa wakiheshimika muda mrefu kabla haijaanza kutoa digrii. Baba alipenda fungu hili kuliko nilivyodhani. Mama mdogo hakutaka kulisikia: "One aende stashahada? Watu watatuonaje?"

Mjomba alipendekeza Binti arudie mtihani wa Hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea, Mei inayofuata. Tuliliacha. Mwaka mzima kwa ajili ya alama moja, bila mwalimu, bila hakika kwamba D itakuwa B, huku akiwa na sifa za kuingia mahali sasa hivi. Vyuo binafsi tuliviweka kando kwa sababu ya ada. Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unaombwa kwa mfumo wao peke yake, kiwango anachopewa mtu hutegemea hali ya familia, na hatukuweza kuahidiana kuwa utaziba pengo la mamilioni.

Sauti iliyochelewa

Jumapili Binti alipiga kwa simu ya kuazima. Baba akaweka spika.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kambi."

Nilimsomea mafungu. Kisha nikamuuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza: kati ya umeme mbali na nyumbani na kitu kingine nyumbani, angechukua kipi? Alijibu bila kusita kuwa angechukua umeme popote. Nikamuuliza kuhusu D. Akasema kidato cha tano walikaa karibu mihula miwili bila mwalimu wa Advansi, wakijifundisha wao kwa wao kwa madaftari ya waliotangulia. Kemia walikuwa na mwalimu asiyekosa kipindi. Hiyo ndiyo siri yote ya B na D. Nililiandika daftarini, nikapigia mstari, nikageuza ukurasa. Nitalirudia mwishoni kwa sababu nililifanyia uzembe.

Uamuzi ukawa huu: Chuo A abaki na umeme chaguo la kwanza, kwa ajili ya moyo wake, lakini chaguo la pili liwe kemikali, la tatu tuliweke tu. Aombe Chuo B, umeme. Aombe Chuo C, mazingira. Stashahada isubiri majina ya kwanza yatoke. Akaunti za B na C zifunguliwe kwa barua pepe mpya ya Binti mwenyewe, na namba ya simu iwe ya mama mdogo, laini asiyoibadilisha.

Kubadili machaguo ya Chuo A kulitugharimu siku mbili kati ya nne zilizobaki. Neno la siri lilikuwa kichwani mwa kijana wa steshenari, ambaye wiki ile alikuwa amewahudumia watoto wasiohesabika, na yeye mwenyewe alikuwa amekwenda msibani Tanga. Alipopatikana alijaribu maneno matano, la tano likafungua. Hatukuwa na mpango wowote endapo la tano lingegoma.

Matokeo

Majina yalitoka Binti akiwa amerudi kutoka kambini, mweusi wa jua na mwenye sauti ya paredi. Chuo A: hakuchaguliwa umeme, hakuchaguliwa kemikali. Chuo B: umeme, amechaguliwa. Chuo C: mazingira, amechaguliwa. Kwa kuwa alikuwa na vyuo viwili, alitakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe. Ujumbe uliingia kwa mama mdogo, dakika hiyohiyo.

Palikuwa na mvutano wa siku moja na nusu. Baba alitaka Chuo C: mtoto atalala nyumbani, nauli ni ya daladala, hakuna kulipia chumba. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa shilingi. Binti alimwambia, mbele yangu, "Baba, mimi nimekushikia tochi miaka saba. Mazingira nitamshikia nani?" Mzee alicheka, na mjadala ukaishia pale. Akathibitisha Chuo B. Mkopo ulipotoka ulikuwa wa sehemu, ukifidia zaidi chakula na malazi, na kilichobaki familia inachanga.

Uchambuzi

Nianze na kemikali, maana ndipo nilipokosea. Nilimpa sita kati ya kumi kwa kutazama pointi zake sita na idadi ya viti, nikaona panaingilika. Nilichosahau ni kwamba waombaji wa umeme na wa kemikali katika chuo kimoja ni watu walewale. Mtoto mwenye PCM na pointi nane anayekosa umeme hapotei hewani. Anatua kwenye chaguo lake la pili, na la pili kwa wengi wao ni kemikali, kwa sababu washauri wao wamewaambia kile nilichomwambia Binti. Foleni ya kemikali haikuwa ya waliotaka kemikali, ilikuwa ya waliotaka kemikali pamoja na mabaki ya umeme, na mabaki ya umeme yalikuwa na alama kubwa kuliko Binti. Kadirio la haki lingekuwa mbili, labda tatu. Mshauri akiona mlango wa pembeni umeachwa wazi, ajiulize kwanza ni washauri wangapi wengine wameuona.

Kosa hilo lina kaka yake mkubwa. Jioni ile ya mafungu, Baba aliniuliza, "Je, akikosa kote?" Nikafanya kile walimu wa Hisabati hufanya tukitaka kutuliza watu. Nikazidisha uwezekano wa kukosa: tisa kati ya kumi mara nne mara tatu mara mbili, nikapata kama mbili kati ya mia. Baba alilala usingizi mzuri. Hesabu ile inakubalika tu kama kila mlango unajifungua kwa bahati yake, kama kurusha sarafu nne tofauti. Hapa sarafu ilikuwa moja, ile D ya Hisabati, na ilikaa kwenye programu zote nne. Mwaka ambao watoto wengi wamefaulu Advansi, milango yote minne inasukumwa kwa pamoja. Hatari ya kweli ya kukosa kote ilikuwa kubwa kuliko nilivyosema, na kilichomwokoa si wingi wa maombi bali kwamba mawili kati yake yalikuwa mahali ambapo foleni yenyewe ni ya aina nyingine: chuo cha mbali, na programu isiyopendwa. Maombi kumi kwenye umeme wa vyuo vya Dar yangekuwa yaleyale matatu ya steshenari, yameongezewa ada.

Kilichofanya kazi vizuri ni lile swali la Mnazi Mmoja. Pointi za wa mwisho kuingia, kwa programu moja, kwa masomo mawili, kwa awamu ya kwanza: taarifa hiyo moja ilikuwa na thamani kuliko hadithi zote za shemeji, jirani na mtu wa Kariakoo. Nayo ina mipaka. Ni ya mwaka mmoja, kutoka kwenye kijitabu cha mzee mmoja. Ningekuwa makini ningeuliza ya miaka mitatu.

Kumhamisha Baba kutoka divisheni hadi masomo mawili kulihitaji kidole kilichofunika Kemia, si maelezo. Nimejaribu maelezo kwa miaka na yanashindwa, kwa sababu divisheni ndiyo lugha ya sherehe. Hakuna anayepigiwa vigelegele kwa "Fizikia C."

Akaunti kwa barua pepe ya steshenari ni jambo dogo lililokaribia kuharibu kubwa. Silitupii lawama kwa yule kijana, alitatua tatizo lililokuwa mbele yake. Lakini kama Chuo A kingemchagua, namba ya kuthibitisha ingekwenda kwa mtu aliye msibani.

Na Binti kuulizwa mwisho: hapo sote tulikosea. Kama angeulizwa siku ya kwanza, mazingira pengine yasingeingia kwenye orodha kabisa, na nafasi hiyo tungeiweka umeme wa chuo kingine cha mbali. Yalibaki kama godoro la kuangukia, na godoro lina kazi yake, ila lilipangwa na watu ambao wasingelala juu yake.

Lililobaki ni lile nililolipigia mstari na kugeuza ukurasa. Muhula wa kwanza Chuo B, Binti alipata sapu, mtihani wa marudio, ya Hisabati. Alinipigia mwenyewe: "Shikamoo, Mwalimu. Ile D imenifuata mpaka huku." Aliifanya sapu akafaulu, na sasa anaendelea, lakini likizo yake yote ilikwenda hapo. Makadirio yangu yote yalihusu mlango wa kuingilia. Hakuna hata moja lililouliza mtoto aliyekaa mihula miwili bila mwalimu wa Advansi atafanya nini akikutana na kalkulasi wiki ya kwanza. Na dawa ilikuwepo. Kati ya kuthibitisha na chuo kufunguliwa, Binti alikaa nyumbani wiki kadhaa akimsaidia baba yake kufunga nyaya kwenye nyumba mpya za mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano kutoka kwangu, mahali ambapo vitabu vyangu vya Advansi viko kabatini na vumbi lake.